Mkaguzi Yumo Nyumbani: Riwaya za Vijana na Tofauti Inayofichwa

Utangulizi

Wahakiki wengi wakizigusa kazi za distopia, yaani zile zinazochora jamii ya kubuni iliyopangwa ikapangika hata ikawa jela, husema jambo moja tu: hizi ni hadithi za dola dhidi ya mtu binafsi. Kauli hiyo si uongo. Lakini ukiitumia kwa riwaya za vijana zinazohusu damu, maumbile na tofauti zinazofichwa, inamwacha nje mhusika aliye muhimu kuliko wote, naye ni mzazi. Makala haya yanafuata historia ya kazi hizo kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1990. Hoja yangu ni kwamba utanzu huu uligeuka kuwa wa vijana siku mkaguzi alipotolewa ofisini akaletwa nyumbani, akakalishwa kiti cha baba.

Rula ilitoka wapi?

Kabla ya riwaya ilikuwapo sayansi, au tuseme kitu kilichovaa koti la sayansi. Mwaka 1883 Mwingereza Francis Galton aliunda neno ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulitamka yujeniki. Wazo lenyewe ni kwamba binadamu waboreshwe kama mifugo: wanaosemwa ni bora wazae sana, wanaosemwa ni duni wasizae. Jimbo la Indiana, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwafunga watu kizazi kwa lazima mwaka 1907. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaibariki sheria ya namna hiyohiyo ya Virginia kwa kura 8 dhidi ya 1. Ujerumani ya Hitler ikatunga ya kwake Julai 1933, na watu wapatao 400,000 wakafungwa kizazi. Wala tusidhani huu ulikuwa ugonjwa wa Wanazi peke yao. Sweden ilianza 1934 na ikaendelea hadi miaka ya 1970.

Na huku kwetu je? Mwaka huohuo wa 1933, jijini Nairobi, walowezi na madaktari waliunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Daktari H. L. Gordon, aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, na mwenzake F. W. Vint, walipima vichwa na bongo za Waafrika, wakadai eti akili ya Mwafrika imewekewa kikomo na maumbile. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba riwaya hizi ni ugomvi wa Wazungu wenyewe kwa wenyewe. Rula hiyo ilishawekwa kwenye vichwa vyetu.

Mkaguzi wa ofisini

Katika riwaya ya We ya Mrusi Yevgeny Zamyatin, iliyochapishwa kwanza kwa tafsiri ya Kiingereza huko New York mwaka 1924, yumo mwanamke anayeitwa O-90. Watu wote humo wana namba badala ya majina. O-90 haruhusiwi kuzaa kwa sababu ni mfupi: zimempungua kama sentimita kumi kufikia kimo kilichowekwa na serikali kwa akina mama. Kisha ikaja Brave New World ya Aldous Huxley, mwaka 1932, ambamo watoto wanatotolewa kwenye chupa kwa matabaka, na neno "mama" limekuwa tusi. Si ajabu Huxley aliijua vizuri mada yake. Kaka yake Julian, mwanabiolojia, alikuwa mtetezi mkubwa wa yujeniki.

Tuangalie wahusika wa kazi hizi mbili. Ni watu wazima. Ugomvi wao ni na ofisi. Ndani yake hakuna baba wa kuogopwa wala mama wa kusalitiwa, kwa kuwa dola imeshaifuta familia. Msomaji kijana anaweza kuzistaajabia, lakini nyumba anayolala yeye haimo humo.

Mkaguzi wa mezani

Nyumba hiyo ililetwa na The Chrysalids ya Mwingereza John Wyndham. Ilitoka mwaka 1955, miaka kumi tu baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki na baada ya kambi za Wanazi kufunguliwa. Mandhari ni Labrador, muda mrefu baada ya maangamizi ambayo msomaji anatambua ni ya nyuklia ingawa wahusika wanayaita adhabu ya Mungu. Katika kijiji cha Waknuk kila kiumbe lazima kifanane na mfano uliowekwa. Mazao yaliyopotoka yanachomwa moto na mnyama wa namna hiyo anachinjwa. Binadamu anafungwa kizazi na kutupwa porini.

Serikali ipo, na mkaguzi wake yupo. Lakini hebu tumtazame vizuri: si mkali kumshinda baba. Jirani anapoleta farasi wakubwa kupita kiasi, ni Joseph Strorm, baba wa msimulizi David, anayekuja juu akitaka waondolewe. Mkaguzi ndiye anayemwambia kwamba wana kibali. Sophie, rafiki yake David, ana vidole sita kila mguu, na siri yake inavuja kwa alama ya unyayo wenye maji juu ya jiwe. Anayemchapa David ili aseme Sophie na wazazi wake wamekimbilia wapi si askari. Ni babake mzazi.

Tukio zito kuliko yote linatokea chumbani. Harriet, ndugu yake mama wa David, anakuja na kichanga chenye kasoro ndogo. Anamwomba nduguye amwazime mtoto wake mchanga, Petra, akamwoneshe mkaguzi ili apate cheti. Anakataliwa na kufukuzwa kwa maneno ya dini. Baadaye anakutwa mtoni, amekufa maji. Kwenye chumba hicho hakuingia mtumishi yeyote wa serikali. Na Petra, mtoto mwenye cheti safi, ndiye anayekuja kuwa na tofauti kubwa kupita wote: uwezo wa kuongea kwa mawazo bila kufungua kinywa. David naye anao, pamoja na vijana wenzake wachache. Cheti kilihesabu vidole, na jambo lenyewe halikuwa vidoleni.

Mwishoni tunamjua Gordon, kaka mkubwa wa Joseph, mwenye mikono na miguu mirefu kupindukia, aliyefukuzwa utotoni. Shamba la Waknuk lilikuwa haki yake. Maana yake ni kwamba ucha Mungu wa Joseph umesimama juu ya urithi wa ndugu aliyetupwa. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Hata hivyo nina ugomvi na Wyndham. Vijana wanaokolewa na mwanamke aliyetoka mbali kwa chombo cha angani. Nyuzi za chombo hicho zinawaua waliokuwa wakiwafukuza pamoja na watu wa porini, wote kwa mpigo. Kisha anawaeleza waokolewa kwamba aina duni ya binadamu haina budi kuipisha iliyo bora. Jamani, si maneno yaleyale ya Joseph? Mtunzi ameinyang'anya rula mikononi mwa baba na kumkabidhi mgeni. Wapo wanaosema hiyo ni kejeli ya makusudi. Mimi naona riwaya inafungwa bila kumpa mgeni huyo mtu wa kumjibu sawasawa, na huo ni udhaifu wa kimaudhui.

Warithi wawili

Miaka ya 1990 ilileta kazi mbili zilizokwepa kosa hilo. The Giver ya Mmarekani Lois Lowry ilitoka 1993 ikapata nishani ya Newbery mwaka 1994. Jamii yake imefuta rangi, na wataalamu wa jeni bado wanahangaika kuzifuta nywele nyekundu. Baba yake Jonas ni mlezi wa vichanga, mpole, mcheshi. Siku moja Jonas anamwona kwenye kioo cha video akimdunga sindano ya kufa pacha aliyezidiwa uzito na mwenzake, huku akimsemesha kwa bashasha. Joseph alikuwa na kiboko. Huyu anatabasamu, na ndiyo maana anatisha zaidi.

Katika filamu ya Gattaca ya Andrew Niccol, ya mwaka 1997, Vincent anazaliwa kwa njia ya kawaida, na vipimo vinatabiri moyo mbovu. Baba anabadili mawazo asimpe jina lake. Jina hilo, Anton, linasubiri mtoto wa pili aliyechaguliwa jeni kwa daktari. Vincent anapokua na kuishi kwa utambulisho wa mtu mwingine, mpelelezi anayemwandama ni Anton, mdogo wake.

Hitimisho

Novemba 2018 mwanasayansi He Jiankui wa China alitangaza kuzaliwa kwa mapacha wa kike ambao jeni zao zilibadilishwa wakiwa viinitete. Desemba 2019 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu. Hapo dola ndiyo iliyokataa, na wazazi ndio waliojitolea, baba akiwa na virusi vya UKIMWI. Hawakuwa na ubaya. Walitaka mtoto salama. Wakosoaji wanaotafuta dola tu hawatakuwa na la kusema hapo.

Sisi wa lugha hii tuna neno letu, kigego: mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Zamani alihesabiwa mkosi, na wapo waliouawa. Jino hilo la kwanza halikuonwa na liwali. Lilionwa na mama akinyonyesha, na bibi aliyempakata. Hata leo zipo nyumba ambamo mtoto mwenye ulemavu anafungiwa chumba cha uani wageni wakipiga hodi. Ni mtunzi gani wa Kiswahili atakayemwandikia kijana riwaya hiyo, isimuliwe na aliyefungiwa, au na ndugu yake anayetumwa kufunga mlango? Uwanja uko wazi, na sisi wanafunzi wa fasihi tusingoje kuletewa.