Reli ikikarabatiwa, abiria akae wapi?

Yapo maneno ambayo mkazi wa Arusha akiyasikia huguna kidogo. Mojawapo ni yale ya kwamba huduma imesitishwa kwa muda kupisha matengenezo. Kwa upande wa reli, sisi tuliukalia muda huo tangu watoto wakiwa mgongoni hadi wao wenyewe wakawa na watoto. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilipozinduliwa upya katika stesheni yetu, Oktoba 2020, hesabu iliyotajwa ilikuwa miaka zaidi ya thelathini.

Juma hili nauliza: katika miaka yote hiyo abiria alikuwa wapi, na nani alikuwa na kazi ya kumfikiria? Jibu haliwezi kupatikana bila kurudi nyuma, maana katika reli hii abiria hakuanza kusahauliwa juzi.

Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Ilikuwa kazi ya kampuni binafsi, na ilipofika Muheza mwaka 1896, yapata kilomita 40 tu, fedha ziliisha. Serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899, ikaisogeza Korogwe, kisha Mombo mwaka 1905, hadi Moshi mwaka 1911. Tazama majina hayo: ni njia ya mkonge na kahawa. Reli ilifuata mashamba makubwa, na mwenyeji aliyepanda behewa mara nyingi alikuwa kibarua anayepelekwa kwenye mashamba hayo. Naye alihesabiwa kama sehemu ya mzigo.

Vikaja vita. Waingereza wakajenga kwa haraka reli ya kijeshi kutoka Voi, ikaungana na ile ya Mjerumani pale Kahe mwaka 1916. Baada ya vita walowezi wa miteremko ya Meru walitaka njia ya kutoa kahawa yao, na ndipo kipande cha Moshi hadi Arusha, kilomita 86 kupitia Usa River, kikajengwa na kufika hapa mwaka 1929.

Sasa sikiliza jambo ambalo vijana wengi huwa hawaliamini. Kwa miaka zaidi ya 30 baada ya hapo, mtu wa Arusha aliweza kwenda kwa treni hadi Mombasa au Nairobi, lakini hakuweza kwenda kwa treni moja kwa moja hadi Dar es Salaam, makao makuu ya nchi yake! Reli yetu na Reli ya Kati hazikuwa zimeunganishwa. Ziliunganishwa mwaka 1963, baada ya Uhuru, kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi. Mimi naona hicho ndicho kipande cha kwanza katika njia hii nzima kilichomfaa abiria kuliko gunia.

Neema hiyo haikudumu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka na Kenya ukafungwa, na karakana kuu za reli zilikuwa Nairobi. Shirika la Reli Tanzania lilizaliwa mwaka huohuo likiwa kama kijana aliyetolewa nyumbani bila jembe. Njia ya Tanga ilizidi kuchoka: mataruma yakaoza, vichwa vya treni vikapungua, mwendo ukashuka.

Nilipanda treni hiyo nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na bibi yangu, daraja la tatu. Tulisafiri usiku. Korogwe machungwa yaliuzwa dirishani, na bibi alikuwa na mikungu miwili ya ndizi na debe la maharage, na hakuna utingo aliyemdai nauli ya mikungu. Usafiri huo ulikuwa wa taratibu mno, sikatai. Lakini ulikuwa usafiri wa mtu mwenye mzigo na asiye na fedha.

Kisha ukakoma. Arusha ndiyo iliyotangulia, na abiria wetu akawa anateremkia Moshi na kutafuta basi. Katikati ya miaka ya tisini Moshi nako kukakoma. Katika muongo huohuo serikali ilipiga marufuku mabasi ya abiria kusafiri usiku, kwa sababu ya ajali, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 2023. Naomba uyaweke mambo hayo mawili pamoja, maana kwa kawaida hayatajwi pamoja. Mnyonge wa Arusha alinyang'anywa treni ya usiku, akanyang'anywa na basi la usiku. Aliyebakiwa na hiari ni mwenye gari lake au mwenye nauli ya ndege. Wengine wote ilibidi wadamke alfajiri, wapoteze siku nzima ya kazi barabarani, na wakifika Dar es Salaam jioni bila ndugu wa kuwapokea, watafute gesti.

Wapo watakaosema kwamba reli ilikuwa inakula hasara na barabara ya lami ilikuwepo. Ni kweli barabara ilikuwepo. Lakini aliyekaa Usa River au Tengeru akiwa na magunia yake alilipa tofauti ya nauli kutoka mfukoni mwake, na hasara ya namna hiyo haiandikwi katika vitabu vya shirika lolote. Mwaka 2007 uendeshaji wa reli ukakabidhiwa kampuni ya RITES ya India. Ubia huo nao ukavunjika baada ya miaka michache, reli ikarudi serikalini. Katika mabadiliko yote hayo, stesheni ya Arusha ilibaki na jina lake na majani yake. Watu walijenga karibu na tuta, wengine wakalima. Nani angewalaumu? Mtoto aliyezaliwa hapo mwaka 1992 alikuwa mtu mzima na hajawahi kusikia honi.

Ukarabati ulipofanyika kweli, ulikuja kwa mtindo wetu wa siku zote. Mwaka 2019 njia ilifunguliwa kwanza kwa mizigo, kisha Desemba treni ya abiria ikafika Moshi, na Arusha ikasubiri hadi Oktoba 2020. Watu walimiminika kuitazama. Nilisimama pale na kinasa sauti, na wazee waliniambia bei za tiketi za zamani kama watu wanaotaja majina ya marafiki waliokufa.

Nayasema haya leo kwa sababu kazi kubwa zaidi inakuja. Upo mpango wa reli ya kisasa kutoka Tanga, kupitia Arusha, hadi Musoma. Ukisikiliza unavyoelezwa, utasikia bandari ya Tanga, utasikia magadi ya Engaruka. Ni mambo mema, na nchi inayahitaji. Lakini ni gunia tena linalotangulia.

Majirani zetu wametuonyesha njia moja. Kenya ilizindua treni yake mpya kati ya Mombasa na Nairobi Mei 31, 2017, na treni ya abiria ya njia ya zamani ilikuwa imeondolewa mwezi uliotangulia. Msafiri wa miji mikubwa alipata raha. Aliyekaa kwenye stesheni ndogo, ambako treni mpya haisimami, alibaki akiitazama ikipita. Sisi wenyewe, katika Reli ya Kati, tulifanya vizuri zaidi: ujenzi wa reli ya kisasa ulianza mwaka huohuo wa 2017, na treni ya zamani iliendelea kubeba abiria wa bara hadi na baada ya ile mpya kuanza safari mwaka 2024. Kumbe inawezekana kujenga bila kumfukuza abiria.

Kwa hiyo wahandisi watakapokuja na ramani zao Arusha, Same na Korogwe, tuwaulize mapema, kabla mkandarasi hajasaini. Siku stesheni itakapofungwa, tiketi iliyokwisha kukatwa itamfikisha mtu wapi? Basi la kuunganisha litasimama wapi, na litabeba mikungu kwa nauli gani? Tangazo litabandikwa siku ngapi kabla, na litasomwa na redio gani? Na tarehe ya kufungua tena iandikwe kwenye tangazo hilohilo, kwa tarakimu, chini ya ile ya kufunga.