Rufaa za fidia kwa maveterani wenye ugonjwa sugu wa mapafu (Marekani)

Ni mashauri ya wanajeshi wa zamani wa Marekani wanaopinga uamuzi wa Idara ya Masuala ya Maveterani ya kuwanyima malipo ya ulemavu, au ya kuwapa kiwango kilicho chini ya hali yao. Ugonjwa unaohusika zaidi ni ule wa kuziba kwa njia za hewa, unaojumuisha bronkaitisi sugu na emfisema: mtu hukohoa miaka nenda miaka rudi, na pumzi humwishia akipanda ngazi chache tu.

Mara nyingi hakuna anayebisha kwamba mdai anaumwa. Kinachobishaniwa ni chanzo. Sheria inataka mambo matatu: ugonjwa uliopo sasa, tukio au madhara yaliyompata jeshini, na maelezo ya kitabibu yanayounganisha hayo mawili. Hapo kwenye kuunganisha ndipo wengi hukwama. Aliyeacha jeshi mwaka 1970 na kuugua 2005 ana miaka 35 katikati, yenye kazi za kiwandani, vumbi na sigara. Daktari hatakiwi kuwa na hakika. Inatosha aone uwezekano wa nusu kwa nusu, kwa kuwa ushahidi ukilingana pande zote mbili, mwenye kufaidika na shaka ni veterani. Lakini lazima atoe sababu. Mwaka 2008, katika kesi ya Nieves-Rodriguez dhidi ya Peake, Mahakama ya Rufaa za Madai ya Maveterani ilieleza kwamba uzito wa maoni ya daktari unatokana na hoja zake, si kule kusema tu kwamba amelisoma faili. Ripoti inayomtaja baharia kuwa mvutaji sigara, bila neno juu ya asbesto iliyofunika mabomba ya meli alimofanya kazi, haistahili kumaliza shauri.

Kumbukumbu nazo ni tatizo. Moto wa tarehe 12 Julai 1973 katika kituo cha kumbukumbu cha St. Louis uliteketeza mafaili milioni 16 hadi 18, yakiwemo takriban asilimia 80 ya yale ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960. Wazee hao hutegemea barua za zamani na ushuhuda wa wenzao wa kikosi.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni tumbaku. Hadi 1975 sigara zilitiwa ndani ya pakiti za chakula walizogawiwa askari vitani, na vijana wengi walizianzia huko. Kwa muda katika miaka ya 1990 iliwezekana kulipwa kwa hoja hiyo. Bunge likalifunga jambo: madai yaliyowasilishwa baada ya 9 Juni 1998 hayawezi kusimama juu ya uvutaji wa jeshini peke yake. Ni uamuzi usio wa haki, kwa sababu aliyegawa sigara ndiye aliyejiondolea deni. Imebaki njia moja nyembamba: veterani anayelipwa tayari kwa ulemavu mwingine, kama kiwewe cha vita, aonyeshe kwamba huo ndio uliomsukuma kuvuta baada ya kutoka jeshini, na kwamba bila sigara hizo asingeugua mapafu.

Nafuu kubwa ilikuja tarehe 10 Agosti 2022, iliposainiwa sheria yenye jina la Sajini Heath Robinson, aliyefariki 2020 kwa saratani ya mapafu. Kambi za Iraq na Afghanistan zilichoma plastiki, betri na taka za hospitali kwenye mashimo ya wazi, kwa kutumia mafuta ya ndege, na askari walilala jirani na moshi huo. Sasa aliyetumikia Iraq, Kuwait, Oman au Somalia tangu 2 Agosti 1990, au Afghanistan na Djibouti tangu 11 Septemba 2001, hahitaji kuthibitisha chanzo. Sheria inakichukulia kuwa ni jeshi. Mkongwe wa Vietnam hana bahati hiyo: ugonjwa huu haumo katika orodha ya magonjwa yanayohusishwa na sumu za kuulia mimea zilizomwagwa kule, hivyo bado anatakiwa kujithibitishia.

Mabishano mengine ni ya kiwango. Mdai hubanwa pua, huvuta pumzi hadi mwisho na kuipuliza kwa nguvu zote ndani ya mashine. Hupimwa hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza. Ikiwa asilimia 71 hadi 80 ya inayotarajiwa, hupewa ulemavu wa asilimia 10. 56 hadi 70, hupewa 30. 40 hadi 55, hupewa 60. Chini ya 40, au akiwa anatumia oksijeni nyumbani, hupewa 100. Kipimo hicho hakioni kila kitu. Utafiti uliochapishwa 2011 juu ya askari 80 wa Fort Campbell uliwakuta 38 na makovu katika mirija midogo kabisa ya mapafu, yaliyoonekana kwa kukata kipande cha pafu, ilhali wengi wao walipuliza karibu kama watu wazima wa afya.

Tangu 19 Februari 2019 aliyekataliwa ana mwaka mmoja wa kuchagua: kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa wa ngazi ya juu apitie upya faili lilelile, au kwenda kwa jaji wa Bodi ya Rufaa za Maveterani. Akishindwa kwenye Bodi, ana siku 120 za kufika mahakamani. Mradi asipitishe muda, tarehe ya ombi lake la kwanza hulindwa, na kwa kawaida malimbikizo huhesabiwa kuanzia hapo. Mdai akifa kabla ya uamuzi, mjane wake anaweza, ndani ya mwaka mmoja, kuomba kushika nafasi yake na kuliendeleza shauri kuanzia lilipofikia.