Vidukari kwenye mrehani wa dirishani: kwa nini dawa ya shambani haifai

Mrehani uliopandwa kwenye kopo dirishani unaweza kupendeza leo, na baada ya wiki mbili majani yake yakajikunja na kunata kana kwamba yamepakwa asali. Wahusika wa kawaida ni vidukari, wadudu wadogo wa kijani au weusi wanaofyonza utomvu chini ya jani. Katika joto la mji wa Kasese, karibu na Ikweta, majike huzaa bila kuhitaji dume, na watoto wao huanza kuzaa baada ya takriban siku kumi. Kwenye vilima vya Mahango, ambako kuna ubaridi, ongezeko hilo huenda polepole zaidi.

Sisimizi wanaopanda shina ni ishara ya mapema. Hao huramba maji matamu yanayotolewa na vidukari, na kwa malipo hayo huwalinda dhidi ya maadui.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, hutoka stoo. Wilaya ya Kasese hulima pamba kwenye nyanda za chini na kahawa milimani, hivyo chupa ya dawa ya shambani mara nyingi haiko mbali. Baadhi ya dawa hizo, kwa mfano dimethoeti, hupenya ndani ya mmea na kusafiri pamoja na utomvu. Kuliosha jani hakuiondoi. Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea kibali mwaka 2019. Pamba hailiwi majani, bali mrehani huchumwa alfajiri na kutiwa kwenye chai alfajiri hiyo hiyo.

Kopo moja halihitaji sumu. Vidukari wachache husagwa kwa vidole. Wakizidi, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita 1 ya maji safi hutosha, kikinyunyizwa jioni, hasa upande wa chini wa majani. Sabuni ya unga yenye kung'arisha nguo huunguza majani. Kwa kuwa sabuni huua wale tu inaowagusa, na ikikauka haina nguvu tena, kazi hurudiwa kila baada ya siku nne au tano, na majani huoshwa kabla ya kuliwa.

Mmea ulioshambuliwa hadi shinani ni afadhali kukatwa ncha safi, zikawekwa majini hadi ziote mizizi, na kilichobaki kikafukiwa mbali na makopo mengine.