Takwimu na utabiri wa mechi katika soka la Mbeya na Iringa

Utabiri wa mechi za soka Mbeya na Iringa ulianzia kwenye msimamo wa ligi. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, shabiki aliyetaka kujua timu yake itafanya nini Jumamosi alikuwa na safu chache za kutazama: mechi zilizochezwa, ushindi, sare, vipigo, mabao ya kufunga na kufungwa, na pointi. Zikisomwa kwa makini, safu hizo zinaeleza mengi. Hata hivyo, historia ya soka la Nyanda za Juu Kusini inaonyesha pia mahali zinapofikia kikomo.

Kikomo cha kwanza kilionekana mwaka 1986. Tukuyu Stars ya Rungwe ilipanda daraja na kutwaa ubingwa wa Tanzania Bara katika msimu wake wa kwanza. Timu iliyotoka daraja la chini haina rekodi dhidi ya vigogo, kwa hiyo msimamo wa mwaka uliotangulia haukuwa na la kusema juu yake.

Jambo linalofanana na hilo lilitokea msimu wa 2013/14. Mbeya City, iliyoanzishwa mwaka 2011 chini ya halmashauri ya jiji, ilipanda Ligi Kuu ikiwa na kocha Juma Mwambusi na kumaliza ya tatu. Katika mechi 26, Azam ilipata pointi 62, Yanga 56, Mbeya City 49 na Simba 38. Pointi zikigawanywa kwa mechi, Azam ilivuna wastani wa 2.38, Mbeya City 1.88 na Simba 1.46. Wastani huo ni kipimo kizuri kuliko jumla ya pointi pale timu zinapokuwa zimecheza idadi tofauti ya mechi, hali ya kawaida katikati ya msimu.

Mgawanyo wa matokeo nao una uzito wake. Mbeya City ilishinda mechi 13, ikatoka sare 10 na kufungwa 3. Kwa utaratibu wa zamani wa pointi mbili kwa ushindi, ingekuwa na pointi 36 dhidi ya 44 za Azam, yaani pengo la pointi 8. Kwa pointi tatu pengo lilikuwa 13. Kwa mtabiri, vipigo vitatu pekee vilionyesha timu ngumu kufungika, na sare kumi zikaonyesha timu iliyopata shida kuumaliza mchezo.

Matokeo yanayohitaji kutenganishwa zaidi ni ya nyumbani na ya ugenini. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganishwa na Pwani. Mchezaji aliyezoea Dar es Salaam huchoka mapema katika Uwanja wa Sokoine, na mpira husafiri kwa kasi zaidi. Iringa nayo iko juu ya mita 1,500. Tena, safari ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya inazidi kilomita 800, na timu za nyanda hizo huibeba adha hiyohiyo zinaposhuka Pwani.

Lipuli ya Iringa ilitoa mfano ulio wazi mwaka 2019. Yanga ilimaliza ligi ya msimu huo ikiwa ya pili kwa pointi 86 katika mechi 38, lakini kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilifungwa 2-0 na Lipuli katika Uwanja wa Samora mjini Iringa. Fainali ilichezwa Lindi, mji wa Pwani, na Lipuli ikafungwa na Azam 1-0. Mechi mbili hazitoshi kuthibitisha kanuni, ila zinaonyesha kwa nini wastani wa msimu mzima haupaswi kutumiwa bila kuuliza mechi inachezwa wapi.

Ulimwenguni, njia hizi zilikuwa zimekwisha kupewa sura ya kisayansi. Mhasibu Mwingereza Charles Reep alianza kurekodi pasi na mashuti kwa mkono mwaka 1950. Mwaka 1982 Michael Maher alichapisha mbinu ya kukadiria mabao kwa kupima nguvu ya ushambulizi na ya ulinzi ya kila timu, pamoja na faida ya kucheza nyumbani.

Tangu Azam TV ianze kurusha Ligi Kuu mwaka 2013, mechi za Sokoine zimeweza kutazamwa upya na kuhesabiwa mashuti, kona na umiliki wa mpira. Swali la mwaka 1986, la jinsi ya kupima timu iliyotoka daraja la chini, lingali palepale. Mbeya City ilishuka daraja mwaka 2023 baada ya kushindwa na Mashujaa ya Kigoma katika mchujo, ikarejea kwa msimu wa 2025/26. Takwimu ilizokuja nazo zilipatikana dhidi ya wapinzani wa daraja la pili kwa ukubwa, hivyo katika mechi za mwanzo zilipaswa kupewa uzito mdogo, kisha nafasi yake kuchukuliwa na matokeo mapya kadiri ligi ilivyosonga.