Daktari aliyepewa uhamisho

Kwetu Bulongwa, daktari akipata uhamisho habari hufika sokoni kabla hajafunga mizigo. Watu huulizana: amekosa nini? Wiki hii tuutazame uhamisho mmoja wa zamani, ambao haukuhusiana kabisa na dawa wala wagonjwa.

Mwaka 1950 Dk. Vedasto Kyaruzi, mzaliwa wa Bukoba aliyesomea udaktari Makerere, alichukua urais wa chama cha TAA mjini Dar es Salaam. Katibu wake alikuwa Abdulwahid Sykes. Madaktari wenzake wa Makerere, akina Mwanjisi na Luciano Tsere, nao walikuwamo. Chama kilichokuwa kimelala kikaamka. Ikaundwa kamati ndogo ya siasa, na maoni ya Waafrika juu ya katiba ya nchi yakapelekwa kwa serikali ya Gavana Twining.

Tukumbuke, ndugu msomaji, kwamba daktari huyu alikuwa mtumishi wa serikali. Mshahara, nyumba na cheo vilitoka kwa serikali ileile aliyokuwa akiihoji.

Serikali haikumfukuza. Ilimhamisha. Kwanza alipelekwa hospitali ya gereza la Kingolwira, karibu na Morogoro, kisha Nzega. Mgonjwa wa Nzega naye alihitaji daktari, kwa hiyo nani angelalamika? Hapo ndipo ulipokuwa ujanja wa utawala ule: adhabu ilivikwa joho la kazi. Mwaka 1953 watumishi wa serikali wakakatazwa siasa waziwazi.

Hata hivyo, chama hakikuondoka na daktari. Mwaka huohuo wa 1953 Julius Nyerere alichaguliwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na siku tano baadaye ikaingia Umoja wa Mataifa. Aliyekuwa mwakilishi wetu wa kwanza huko New York ni Dk. Kyaruzi, yuleyule wa Kingolwira na Nzega.

Je, leo ni wataalamu wangapi hunyamaza vikaoni kwa kuogopa barua ya uhamisho? Na anapokuja mgombea mwenye cheo cha udaktari kutuomba kura, ya udiwani au ya ubunge, tusiishie kukisifu cheo chake. Tumuulize aliwahi kusema nini kwa niaba ya wenzake, siku ambayo kusema kulikuwa na gharama.