Mpini wa Wembe

Wembe wa kukunja wa vinyozi wa zamani una sehemu mbili, chuma na mpini. Ukiokota ule uliotengenezwa Sheffield, Uingereza, katika karne ya 19, utaona jina la kiwanda limegongwa kwenye chuma. Joseph Rodgers, kwa mfano, jina lake lilijulikana nchi nyingi. Kwenye mpini, hakuna jina. Mimi ni seremala na mipini ndiyo kazi yangu, kwa hiyo naandika historia ya wembe kwa upande huo usio na jina.

Mipini mingi ilikuwa ya pembe ya ng'ombe. Pembe ikipashwa moto inalainika, inabanwa kwenye kalibu, na ikipoa inabaki na umbo lile. Wembe wa tajiri ulitiwa pembe ya ndovu, na hapo ndipo hadithi inapita mlangoni petu. Ndugu zangu wa Nyarugusu, tuliovuka Ziwa Tanganyika kuja huku, njia hii si ngeni. Pembe za ndovu za Manyema, Kongo yetu, zilivushwa ziwa lile lile hadi Ujiji, mkoa huu huu wa Kigoma. Kutoka Ujiji zikaenda Tabora, zikashuka pwani Bagamoyo, zikavuka Unguja, halafu meli za kwenda Bombay, London na Marekani. Kutoka ziwani hadi pwani ni zaidi ya kilomita 1,000, kwa miguu. Frasila moja ni kama kilo 16, na mtu alibeba frasila mbili. Wapo Wanyamwezi waliobeba kwa ujira, wapo watumwa waliobeba kwa fimbo. Tippu Tip, aliyefanya biashara ya pembe na ya watu, aliacha maisha yake kwenye kitabu, tena kwa Kiswahili. Wapagazi wake hawakuandika. Na pembe ikishapasuliwa vipande vya milimita 3, nani atakuambia ilikaa kwenye bega la nani?

Ndovu walipungua, bei ikapanda. Mmarekani John Wesley Hyatt alikuwa anatafuta kitu cha kutengenezea mipira ya biliadi badala ya pembe, na mwaka 1870 akapata hati miliki ya seluloidi. Mara nyembe zikavaa mipini ya seluloidi, mingine imechorwa hadi mistari kama ya pembe halisi. Tuseme ukweli, ilipendeza. Lakini seluloidi inashika moto haraka, na ikizeeka inatoa mvuke wenye asidi unaoliozesha kutu chuma kile kile inachokishika. Mwaka 1904 King Camp Gillette akapata hati miliki ya wembe wa kutupwa, na watu wengi wakaacha kabisa kufikiria mpini.

Mbao nayo ina historia yake, tena ndefu kuliko zote hizi. Misri, huko Saqqara, ndani ya piramidi ya ngazi ya mfalme Djoser, yalipatikana mabaki ya jeneza la mbao zilizopangwa matabaka sita. Ni zaidi ya miaka 4,600 iliyopita. Mafundi wale walijua jambo ambalo kila seremala hulijua: mbao hupasuka kufuata nyuzi zake, na ikilowa hutanuka kwa upana, kwa urefu karibu haisogei. Ukilaza tabaka moja kwa urefu na la pili kwa upana, kila moja linamzuia mwenzake.

Kwa mpini wa wembe hiyo ni kazi kubwa, maana ni mwembamba na unalowa kila siku. Vinyozi wetu hapa hutumia wembe wa kukunja unaotiwa kipande kipya kwa kila mteja, na afadhali hivyo, kwa sababu ya UKIMWI na homa ya ini. Shida ni mpini wa plastiki, unavunjika pale kwenye pini. Mimi nachukua mlango wa plaiwudi uliokwisha, nauloweka mpaka matabaka yaachane, nayakausha chini ya tofali yasijikunje. Tabaka hilo linakaa katikati, nyuzi zikikata upana. Nje naweka mninga niliouranda mwembamba, kwa urefu. Gundi ni ile ya kuchanganya mbili, maana gundi nyeupe ikionja maji inaachia. Nabana kwenye jiriwa usiku kucha, kisha tupa, msasa, mafuta. Mashavu mawili yanaunganishwa kwa waya wa shaba, na mwishoni kabari ndogo, ili chuma kikikunjwa kisiguse pembeni. Sheffield kabari hiyo mara nyingi ilikuwa risasi, mimi naweka mfupa wa ng'ombe.

Ukingo wa mpini unaonyesha mistari, nyekundu, nyeupe, nyekundu. Wateja kwenye kiti wanauliza ni mti gani huo. Kinyozi anawaambia mninga, na huo mweupe wa katikati ulikuwa mlango.