Moto ya Kichina: Bei Ilishuka, Kazi Ikabaki kwa Mwenye Moto



Mwenzetu mmoja wa promosheni yetu alipata kazi ya kukusanya habari za afya upande wa Manguredjipa. Kila mtu wa Butembo anajua ile barabara wakati wa mvua. Njo maana alinunua moto ya Kichina ya porini, ile ndefu, yenye gurudumu kubwa mbele na kinga-tope iliyo juu. Sehemu ya pesa ilitoka kwa mama yake, ambaye aliuza mbuzi. Moto ilitembea miezi ine. Mwezi wa tano injini ikakamata katikati ya matope. Fundi alipoifungua, alikuta mafuta kidogo sana ndani, tena meusi kama lami.

Sisi wote tukasema: "Mchina ametuibia." Mimi pia nilisema vile. Lakini kisha nikajiuliza: hii injini ilitoka wapi? Nani aliichora, na aliichora kwa ajili ya nani? Jibu lilinibadilisha mawazo.

Tuanze na wazee wetu. Wanakumbuka moto za mapadri na za mashirika: Yamaha na Honda za Japani. Aina ya moto inayotembea barabarani na porini pia ilipata nguvu mwaka 1968, Yamaha ilipotoa DT-1. Mwaka 1972 Honda ikaleta XL250. Zilikuwa moto nzuri sana, lakini ni mwalimu gani wa kwetu angeweza kuinunua mpya? Ilikuwa ni chombo cha misioni na cha mradi.

Mwaka 1976 Honda ikaanza kutoa moto ingine, CG125. Haikuwa ya porini. Ilikuwa moto ya kazi, kwa nchi ambako watu wanabeba mizigo mizito, barabara ni mbaya, na mafuta ya injini yanabadilishwa kwa kuchelewa. Kwa hiyo mainjinia walifanya jambo ambalo linaonekana kama kurudi nyuma. Moto iliyotangulia, CB125, ilikuwa na mhimili wa kusukuma supapu juu kabisa ya injini, ukizungushwa na mnyororo. Kwenye CG waliushusha chini, wakauzungusha kwa meno, na supapu zikafunguliwa kwa fimbo mbili ndefu za chuma. Hakuna mnyororo wa ndani wa kulegea. Injini haikimbii sana, lakini inavumilia. Fundi wa kando ya barabara anaweza kurekebisha supapu kwa ufunguo mmoja na kibati chembamba cha kupimia.

Angalieni vizuri hapo: injini ilichorwa kwa ajili ya mtu asiyeitunza sana. Lakini kuvumilia hakumaanishi kutokufa. Ile injini inaingia karibu litri moja tu ya mafuta, na haina filtre ya karatasi kama gari. Iko na kichujio cha waya, na kisahani kinachozunguka na kukamata uchafu. Basi. Uchafu mwingine unabaki ndani ya mafuta mpaka wewe mwenyewe uyamwage.

Sasa twende Chongqing, mji mkubwa wa ndani ya China. Kulikuwa viwanda vya silaha vya serikali huko. Baada ya mageuzi ya uchumi yaliyoanza 1978, viwanda hivyo vilitafuta kazi ya kiraia. Jialing ikashirikiana na Honda, Jianshe na Yamaha. Kisha watu binafsi wakaingia. Mwaka 1992 Yin Mingshan, aliyekuwa mfanyabiashara wa vitabu, alianzisha karakana iliyokuja kuitwa Lifan. Zuo Zongshen, aliyekuwa fundi wa kutengeneza moto, naye akaanzisha Zongshen. Mwaka 1993 China ikawa ya kwanza duniani kwa wingi wa moto zinazotengenezwa.

Injini ya CG ndiyo waliyoinakili sana, juu ilikuwa rahisi. Huyu anatengeneza pistoni, yule karibireta, mwingine silinda, wote kwa vipimo vinavyofanana. Kampuni nyingi zilinunua vipande na kuviunganisha tu. Baadaye waliipanua, wakaiweka ndani ya moto za porini. Ukikuta imeandikwa 250, chukua kalkuleta: silinda ya milimita 67, mwendo wa pistoni milimita 65, unapata 229 tu. Ile namba 250 ni ya kuuzia.

Vipande vilipofanana, kampuni zilibaki kushindana kwa bei peke yake. Vietnam iliona matokeo mapema. Karibu na mwaka 2000 moto za Kichina ziliingia kwa wingi mno, kwa bei iliyo chini sana kuliko ya Honda. Watu ambao hawakuwahi kumiliki moto wakamiliki. Lakini nyingi zilichoka haraka. Mwaka 2002 Honda ikajibu kwa Wave Alpha, moto ya bei ndogo iliyotumia hata vipande vya kutoka China, lakini vilivyokaguliwa. Wanunuzi wengi wakarudi.

Kwa maoni yangu, funzo liko katika lile neno: kukaguliwa. Mchoro wa injini ulikuwa ule ule mzuri. Bei ilipunguzwa mahali ambapo macho hayafiki: chuma cha mnyororo, grisi ya gololi za magurudumu, mpira, mabuloni yasiyokazwa vizuri, na mshahara wa mtu wa kukagua. Ukinunua moto ya bei kubwa, umemlipa mkaguzi. Ukinunua ya bei ndogo, mkaguzi ni wewe.

Na kwetu Butembo tuko ndani ya ile historia. Wafanyabiashara wetu wanaendaka Guangzhou tangu zamani. Mzigo unashuka Mombasa, unavuka Kenya na Uganda, unaingia Kasindi. Moto nyingi zinafika ndani ya sanduku, vipande vipande, na vijana wa hapa ndio wanaziunganisha. Maana yake mfanyakazi wa mwisho wa kile kiwanda yuko kwenye avenue yetu, na anaharakishwa.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kununua: siku ya kwanza kaza mabuloni yote, tia grisi, pima zile njiti za magurudumu. Vidanje ya kwanza fanya mapema, kabla ya kilomita 500, juu mafuta ya mwanzo yanabeba vumbi la chuma. Kisha usingoje mafuta yawe lami. Angalia kipimo kila asubuhi kabla ya safari. Ukivuka mto na mafuta yakawa kama chai ya maziwa, maji yameingia, usiwashe tena. Osha sponji ya hewa. Supapu zipimwe injini ikiwa baridi.

Mwenzetu hakujua hata moja ya haya. Alisoma miaka mitano, anaweza kufanya hesabu ngumu za takwimu, lakini hakuna mtu aliyemwonyesha kijiti cha kupimia mafuta. Nasi tuliokuwa tunapanda nyuma yake hatukuuliza.

Moto ilipona. Fundi alitafuta silinda na pistoni sokoni, akapata za kampuni ingine kabisa, akapima, zikaingia. Ile hali ya kufanana iliyoishusha bei njo iliyomwokoa: pistoni iko kila duka. Kama ingekuwa moto ya pekee, mbuzi za mama zingekuwa zimekwenda bure.

Sasa anafanya vidanje yeye mwenyewe, na anaandika tarehe na kilomita kwenye kadaftari kadogo anakokaweka chini ya kiti. Nilipomuuliza kama bado anasema Mchina alimwibia, akacheka: "Hapana, kaka. Aliniuzia nusu ya moto. Nusu ingine ni mimi."